Uzoefu wangu: mafunzo ya ualimu wa chekechea hapa Lubumbashi

Kama unachotafuta ni karatasi ya kumwonyesha direkta, mafunzo haya yatakula Jumamosi zako bure. Lakini kama una darasa la watoto wa miaka mitatu, minne na mitano, na kila asubuhi unajiuliza utawashughulisha na nini hadi saa sita, nenda. Mimi nafundisha katika chekechea moja ya binafsi, komini ya Katuba. D6 ya pedagojia, yaani diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, ninayo, na bado nimetoka huko na mambo ambayo sekondari haikunipa.

Masomo ni Jumamosi tu, kuanzia Septemba hadi karibu na Pasaka, kwa hiyo huachi kazi. Ada unalipa kidogokidogo. Kwetu hilo si dogo, maana elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za Serikali. Sisi wa chekechea za binafsi tunakula kwa minervali, yaani ada wanayolipa wazazi, na mzazi akichelewa nasi tunachelewa. Wasimamizi wa mafunzo wanalijua hilo, sikuona mtu akirudishwa mlangoni kwa sababu ya deni.

Kilichonifaa kuliko vyote ni somo la mkono wa mtoto. Mkufunzi wetu, mama aliyefundisha wadogo miaka mingi, alitandaza mezani michoro ya watoto wa umri mbalimbali. Wa miaka mitatu anaweza kuiga duara. Msalaba unakuja karibu na miaka minne, kisha mraba, na pembetatu yenye mistari ya mshazari inangoja hadi miaka mitano hivi. Akachora herufi K ubaoni, akatugeukia: "Haya walimu, hii mnamwandikisha wa miaka mitatu kwa mkono upi?" Darasa zima kimya. Na sote tunajua jinsi madaftari ya watoto wa umri huo yanavyojazwa herufi katika shule zetu, mwalimu akiwa amemkamata mtoto mkono na kuuendesha.

Kabla ya kalamu, vidole vinataka nguvu: kufinyanga, kurarua karatasi, kufunga vifungo vya shati, kutunga shanga. Vifaa tulitengeneza wenyewe. Udongo wa kichuguu, na Lubumbashi vichuguu havitafutwi mbali, tuliuponda, tukauchekecha, tukauloweka usiku kucha. Asubuhi unafinyangika vizuri kabisa. Vifuniko vya chupa tulivikusanya kwenye baa za jirani kwa ajili ya kuhesabu na kupanga kwa rangi, ila kingo zake lazima zigongwe kwa nyundo kwanza zisikate watoto.

Halafu kuna herufi za msasa. Zilianzia kwa Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907. Sisi tulinunua msasa wa seremala, tukakata herufi, tukazibandika kwenye katoni. Mtoto anapitisha vidole viwili juu yake huku akitoa sauti ya herufi, "mmm", wala si jina lake, "em". Watoto wangu wa mwaka wa tatu wa chekechea wanazipenda mno. Wanafumba macho, wanapapasa, wanataja, kisha wanagombania zamu.

Somo la lugha nalo lilinigusa. Wazazi wengi hapa wanalipa ili mtoto azungumze Kifaransa, na ninawaelewa. Lakini sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya zile nne. Kwenye mazoezi tulikuwa na mtoto mmoja ambaye kila akiulizwa kwa Kifaransa aliangalia viatu vyake. Shule ilishamhesabu kuwa mzito. Mkufunzi akachuchumaa mbele yake: "Papa, leo nani amekuleta?" Weee! Mtoto akaeleza safari nzima: mama anauza makala (mkaa), mjomba ana baiskeli, mbwa wa jirani aliwafukuza mpaka barabarani. Alipomaliza, mkufunzi akampa maneno mawili tu ya Kifaransa kutoka katika hadithi yake mwenyewe, baiskeli na mbwa. Aliyashika palepale.

Kasoro zipo, na zinauma. Mazoezi mbele ya watoto halisi ni machache mno. Ndiyo kwanza umeanza kuzoea, yamekwisha. Huduma ya kwanza tulisomewa kwenye karatasi. Mtoto akipaliwa na karanga, karatasi itasaidia nini? Tulihitaji mtu wa afya atuonyeshe kwa vitendo. Watoto wenye ulemavu walitajwa kwa haraka tu. Na mipango mingi ya somo imeandikwa kana kwamba darasa lina watoto 20, wakati wengi wetu tuna zaidi ya 40 na msaidizi hakuna.

Kuhusu cheti, soma hapa vizuri. Ni cha kituo, si diploma ya Serikali. Siku ya kuandikishwa tuliambiwa kwa mdomo kwamba kinafungua milango yote, na wenzangu wasio na D6 waliamini, wengine wakakopa ili walipe. Walipopeleka maombi ya kazi, waliambiwa walete diploma. Hiyo si haki. Kituo kiandike wazi kwenye fomu, kabla mtu hajatoa hata faranga moja, kwamba cheti hiki ni cha nyongeza.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na mwaka huu nimeshawashauri walimu wawili wa shuleni kwetu wajiandikishe. Wenye watoto wanaonyonya msiogope: kuna chumba cha nyuma na dada wa kuwaangalia, na unaruhusiwa kutoka darasani wakati wowote kwenda kunyonyesha.