Oveni ya keki za nyumbani: ipi ununue ukiwa Kampala

Kama keki zako ni za siku za kuzaliwa za watoto, za wapwa na, mwaka ukiwa mzuri, ya mama mkwe, nunua oveni ya umeme ya mezani, ya lita 35 hadi 45, yenye koili za juu na za chini zinazoweza kuwashwa kila upande peke yake. Mwenye haraka ameshapata jibu. Anayetaka kujua kwa nini gesi nimeiweka nyuma, na kwa nini hata makaa yamepata namba, asogee karibu.

Ukiingia dukani, muuzaji atakuimbia lita. Wewe toa futi ya fundi cherehani upime ndani: upana, kina, na hasa nafasi kati ya waya wa kuwekea chombo na koili ya juu. Chombo cha inchi 9 ni sentimita 23 hivi. Kinataka upenyo wa vidole viwili kila upande ili hewa ya moto izunguke, na keki ikishaumuka iwe bado mbali na koili kwa sentimita 5 au zaidi. Oveni nyingi za lita 20 hukwama hapo. Uso wa keki unaiva mapema, unaganda, kisha unga wa chini ukipanda unaupasua, na katikati bado uji. Keki yenye kichuguu juu itabidi uikate isawazike kabla ya kupamba, na makombo yake yataingia kwenye aisingi hadi ionekane ina vipele.

Ya kwanza: oveni ya umeme ya mezani

Nyingi ni za wati 1,500 hadi 2,000. Keki ya saa moja kwenye oveni ya wati 1,500 haifiki yuniti mbili hata ukihesabu na kuipasha moto, maana themostati, kile kidhibiti joto, inazima na kuwasha. Kwa bei ya nyumbani ambayo miaka hii imekuwa kati ya shilingi 750 na 800 hivi kwa yuniti, hiyo si hela ya kugombana nayo. Tena wanunuzi wengi wa Yaka, umeme wa kulipia kabla, hawaitumii nafuu iliyopo: yuniti za mwezi kuanzia ya 81 hadi ya 150 huuzwa kwa bei ya kupikia, shilingi 412. Mwenye friji na pasi akishavuka zile 80, anaoka kwa karibu nusu bei. Birthday za mwisho wa mwezi zina heri yake.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aichomeke hapohapo. Washa koili za juu peke yake, kisha za chini peke yake. Zote ziwe nyekundu mwanzo hadi mwisho, bila pengo jeusi. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka kama kimepakwa mafuta, mlango haukazi na joto litakuwa linakutoroka. Akikwambia umeme hakuna, rudi kesho. Kataa pia kuuziwa ekstensheni nyembamba pamoja na oveni: wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, kwa hiyo chomeka moja kwa moja ukutani.

Nyumbani, jaribio la kwanza lisiwe keki. Panga vipande vya mkate mweupe vijaze waya wote, oveni iwe nyuzi 180, dakika kumi. Ukivitoa utaona ramani ya joto: labda kona ya nyuma kulia imeungua na mbele bado kweupe. Basi unajua kila keki utaigeuza ikishafika theluthi mbili ya muda wake, si kabla, isije ikanywea.

Ya pili: jiko lenye meko matatu ya gesi, moja la umeme, na oveni ya umeme chini

Oveni yake ni pana, inameza vyombo viwili kwa mpigo, na keki ya ghorofa inaanzia hapo. Imekuwa ya pili kwa sababu ni ghali, inachelewa kupata moto, na inataka fundi umeme anayejua kazi. Kama jiko lako la zamani limeshachoka, hii iwe ya kwanza.

Ya tatu: oveni ya gesi

Umeme ukikatika keki ikiwa nusu, mwenye gesi haulizi kitu. Ila moto unatoka chini tu, na kitasa mara nyingi kina namba 1 hadi 8 badala ya nyuzi. Chini huungua, juu hubaki pauka. Weka trei tupu kwenye waya wa chini ipunguze makali, na usinunue isiyokata gesi yenyewe mwali ukizimika.

Ya nne: sufuria na makaa

Ndugu zetu wa Bombo na Arua wameoka hivi miaka na miaka, na keki zao hazina aibu. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini, vijiwe vitatu vya kuinua chombo, mfuniko wenye makaa. Siri ni kuweka makaa mengi juu na machache chini. Gharama ni ndogo, lakini hutoki pale jikoni. Maboksi ya bati ya mafundi wa Katwe ni ndugu wa njia hii. Chagua la kuta mbili, la ukuta mmoja linapoteza joto.

Airfryer acheni kwa chipsi. Chombo kinachoingia ni kidogo, na feni inakausha uso. Maikrowevu ya kawaida haigeuzi keki rangi, kwa hiyo sijaipa namba.

Halafu oveni isisingiziwe. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi sehemu za chini, karibu na usawa wa bahari. Huku gesi ya beking pauda hutanuka zaidi: keki inapanda kwa kishindo, kisha inazama katikati. Punguza beking pauda kidogo, kama sehemu moja ya nane ya kijiko kwa kila kijiko. Kabale ni juu zaidi, kwa hiyo punguza zaidi.

Chenji ikibaki, nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, maana namba za kitasa zinaweza kudanganya kwa nyuzi 20 au zaidi. Kisha vyombo viwili vya ukubwa mmoja. Tafuta Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya katikati ya mji, kabla ya kwenda maduka ya kifahari ya vioo. Sahani ya kuzunguka ya kupambia inaweza kusubiri mwezi ujao.