Kisanduku cha Kuongeza Nguvu kwenye Pikapu ya Dizeli Inayovuta Trela: Tathmini Yangu

Kwa pikapu ya dizeli inayovuta mzigo mara kwa mara, kisanduku cha kuongeza nguvu, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoifanya injini iingize dizeli zaidi, kina faida ya kweli kikitumiwa kwenye ngazi ya chini au ya kati, na kina hatari ya kweli kikisukumwa hadi ngazi ya juu. Ninasema hivi baada ya kukitumia katika misimu ya mvua na ya kiangazi, kwenye gari linalofanya kazi ya riziki.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya milango minne yenye injini ya lita 2.8 aina ya 1GD-FTV, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na kilowati 130 na nguvu ya msokoto ya nyutoni-mita 450, pamoja na giaboksi ya otomatiki yenye gia 6. Huvuta trela iliyobeba jenereta za kukodisha kwa ajili ya harusi, mikutano ya hadhara na maeneo ya ujenzi, na wateja wengi walio nje ya jiji wako Naivasha na Nakuru. Safari ya kurudi Nairobi ndiyo inayoitesa injini, kwa kuwa kuanzia Mai Mahiu barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Kimende na Limuru, mara nyingi nyuma ya malori yanayotambaa, na pikapu yenye trela hulazimika kushuka gia kila inapopoteza mwendo kidogo tu. Kabla ya kisanduku, injini ilikuwa ikinguruma kwa mizunguko mingi katika sehemu kubwa ya mlima huo.

Visanduku vya aina hii huuzwa Nairobi kwa majina mengi, lakini msingi wake ni mmoja, na ndio ninaoupima hapa. Huunganishwa kati ya kompyuta ya injini na sensa inayopima shinikizo la dizeli kwenye bomba la pamoja linalolisha nozeli. Kisanduku huiambia kompyuta kwamba shinikizo liko chini kuliko lilivyo, nayo kompyuta huagiza pampu iongeze, hivyo kila nozeli inapofunguka huingiza mafuta mengi zaidi. Ni tofauti na kuandika upya programu ya kompyuta yenyewe, kazi ambayo hugharimu zaidi na humhitaji fundi anayeielewa injini husika kwa undani. Changu kina ngazi tatu zinazobadilishwa kwa swichi, na bei yake inakaribia ile ya matairi manne mapya ya pikapu.

Faida ilionekana mara moja, tena mahali nilipoihitaji. Kwenye ngazi ya pili, gari huvuta vizuri zaidi kuanzia mizunguko 1,600 hivi kwa dakika, giaboksi hukaa kwenye gia ya nne pale ilipokuwa ikishuka hadi ya tatu, na dereva hahitaji kukanyaga mafuta hadi mwisho ili kuutunza mwendo. Kuondoka kwenye mzunguko wa barabara au taa za Mombasa Road ukiwa na tani mbili nyuma kumekuwa jambo jepesi. Dereva wetu, ambaye hana mazoea ya kusifu vifaa vya kubandika, alisema mgongo haumuumi kama zamani anapofika jioni, nami ninamwamini kwa sababu gari lisilogombana na mlima humchosha mtu kidogo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji na ambalo mkazi wa nyanda za juu hana budi kulifikiria. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita mita 2,200. Mgandamizo wa hewa jijini ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, hufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, maana yake ni kwamba hapa kwetu huwa imeshatumia sehemu ya akiba yake hata kabla kisanduku hakijawashwa. Ukiongeza dizeli wakati turbo haina hewa zaidi ya kutoa, mafuta hayaungui yote: moshi mweusi hutoka kwenye ekzosi na joto la gesi hupanda. Takwimu zinazochapwa kwenye boksi la kifaa hazikupimwa kwenye mteremko wa Kimende, na mnunuzi asizichukue kama ahadi.

Kwa sababu hiyo, nilikataa kufungiwa kisanduku bila kipimajoto cha gesi ya ekzosi, na ninamshauri kila mtu anayevuta trela afanye vivyo hivyo. Katika karakana niliyokwenda, kando ya Barabara ya Lunga Lunga, fundi alitaka kuiweka sindano ya kupimia baada ya turbo kwa kuwa hapo ni rahisi kufikia. Gesi ikishapita kwenye turbo huwa imepoteza joto jingi, na geji ingenionyesha nambari za kutuliza moyo ilhali pistoni zinachomeka. Tulielewana aiweke kabla ya turbo, na kwa sifa yake alilifungua bomba la ekzosi, akalitoboa likiwa mezani, kisha akalisafisha kwa sumaku na hewa ya kompresa hadi pasibaki hata unga wa chuma, kwa kuwa chembe moja tu ikiingia kwenye turbo huharibu mapanga yake. Kazi hiyo ilikula siku nzima na iliongeza gharama. Waya za kisanduku alizipitisha mbali na ekzosi, akazifunika kwa mpira unaostahimili joto, na kisanduku chenyewe akakifunga juu, mahali ambapo maji ya mafuriko ya Eneo la Viwandani hayatakifikia.

Geji hiyo ndiyo iliyoamua mambo. Bila kisanduku, mlima wa Mai Mahiu ulikuwa ukisimamisha mshale wa geji karibu na digrii 600. Kwenye ngazi ya pili ilipanda hadi 670 na kutulia hapo. Kwenye ngazi ya tatu ilivuka 700 kabla hatujafika nusu ya mlima na ikaendelea kupanda, ndipo dereva akaachia kanyagio. Mafundi wengi wa dizeli huitaja 700 kama mpaka wa kutokaa juu yake kwa muda mrefu. Gari tupu linaweza kufika joto hilo kwa sekunde chache, likavuka gari jingine na kupoa. Trela hulishikilia joto hilo kwa dakika nyingi mfululizo, na hapo ndipo vichwa vya silinda hupasuka na pistoni huyeyuka ukingoni. Ngazi ya tatu tumeifunga kwa gundi.

Toyota wenyewe walipoipandisha injini hii hadi kilowati 150 na nyutoni-mita 500 mwaka 2020, hawakuongeza mafuta tu. Waliibadilisha turbo pia. Kisanduku hubadilisha taarifa moja na kuviacha vyuma vyote kama vilivyokuwa.

Giaboksi inanipa wasiwasi kuliko injini. Kompyuta ya gari hukadiria nguvu inayozalishwa kwa kutazama mafuta inayodhani imeyaagiza, kisha huamua ni kwa shinikizo gani sahani za ndani zinazopitisha nguvu zibanwe. Kisanduku kinapoidanganya kuhusu mafuta, giaboksi nayo hubana kwa nguvu ndogo kuliko inavyotakiwa, na sahani huanza kuteleza na kuungua polepole bila dalili kwenye dashibodi. Tumeongeza kipoza mafuta ya giaboksi mbele ya rejeta na kufupisha muda wa kubadilisha mafuta hayo. Mwenye gari la gia za mkono atazame klachi kwanza, kwa kuwa klachi iliyokaribia kuisha itateleza siku ya kwanza.

Madai kwamba kifaa hupunguza matumizi ya dizeli sikuyaona yakitimia. Tofauti kwenye barabara tambarare ni ndogo mno kuhesabika, na mlimani dereva hupata mwendo zaidi kwa mafuta zaidi, kama inavyostahili. Chujio la dizeli linahitaji uangalifu mkubwa kuliko awali, maana shinikizo likiwa juu, maji na uchafu huziumiza nozeli haraka.

Uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta haukuongezeka hata kilo moja. Uzito huo hutegemea fremu, breki, mhimili wa nyuma na kiungio cha trela, na katika kushuka kuelekea Mai Mahiu kisanduku hakina msaada wowote kwa kuwa mguu ukiondoka kwenye mafuta hakuna dizeli ya kuongeza. Trela yetu ina breki zake, na zilikaguliwa kabla ya kufikiria nguvu. Gari lililo bado chini ya dhamana ya muuzaji lisiguswe, kwa kuwa muuzaji anaweza kukataa dai linalohusu injini. Na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi, kwa sababu kulificha badiliko kama hili huipa kampuni hiyo sababu ya kukataa kulipa.

Kwa karakana niliyoitumia, ninaisifu kwa unadhifu wa kazi na kwa kukubali kusikiliza, lakini majaribio waliyonifanyia yalikuwa mzunguko mfupi wa gari tupu hadi Outering Road na kurudi. Mteja anayevuta trela anastahili kupimiwa gari likiwa na mzigo wake, kwenye mlima, huku fundi akiwa ameketi kando ya dereva akiisoma geji, na niko tayari kulipia dizeli ya safari hiyo.