Mtungi wa kuzimia moto kwa tela la boksi: upi ununue, upi uuache dukani

Tela la boksi linalovutwa na Land Cruiser kutoka Arusha au Moshi kwenda kambini Serengeti hubeba karibu kila kinachowaka: mitungi ya gesi ya kupikia, madumu ya petroli ya jenereta, mafuta ya kukaangia, magodoro, mahema, betri ya friji. Vyote vimefungiwa kwenye nafasi ya mita za ujazo kumi hivi. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini ukishapita lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, huna wa kumsubiri. Utazima kwa ulichobeba.

Chaguo la kwanza ni mtungi wa unga mkavu wa ABC, kilo 6, wenye geji na mpira wa kupulizia. Unazima nguo na magodoro, petroli na moto wa gesi, na unga wake haupitishi umeme. Hupuliza kwa takriban sekunde 15, muda unaomwezesha mpishi kukosea kulenga na kujirekebisha. Ule wa kilo 1 wa chini ya kiti cha dereva huisha ndani ya sekunde 10 au pungufu. Ubaki kwenye gari, usiuhesabu kuwa wa tela. Wa kilo 2 uwe wa nyongeza tu. Mtungi ulioandikwa BC peke yake uache: unga wake hauzimi moto ulioingia ndani ya godoro au mbao, na baada ya dakika chache utawaka upya.

Mtungi wa hewa ukaa, ule wenye pembe nyeusi mdomoni, husifiwa kwa kuwa hauachi uchafu. Sifa hiyo ni ya kweli, na kwenye chumba cha kompyuta ni mtungi mzuri. Kwenye tela ni hatari. Kilo 5 za hewa ukaa hutoa takriban mita za ujazo 2.7 za gesi, yaani zaidi ya robo ya hewa yote ya tela lenye urefu wa mita 3 na upana na kimo cha mita 1.8. Ikifika asilimia 10 tu, mtu anaweza kuzirai kabla hajaufikia mlango. Tena mlango ukifunguliwa gesi hutoka, na kilichobaki na joto huwaka tena.

Unga nao una kasoro zake. Ndani ya boksi hutanda kama ukungu mzito, huoni wala hupumui vizuri. Mabaki yake yakipata unyevu hula nyaya na bati, kwa hiyo yafagiliwe na kupanguswa siku hiyo hiyo. Kasoro kubwa zaidi kwa huku kwetu ni barabara. Mtikisiko wa kutoka Loduare hadi Naabi, lango la Serengeti, unaweza kushindilia unga kwenye kitako cha mtungi, na siku ya moto ukatoka upepo mtupu huku sindano ya geji ikiwa kwenye kijani. Kila safari ikiisha, toa mtungi, upindue kichwa chini, utikise mpaka usikie unga unateleza.

Dukani usiridhike na geji peke yake. Geji hupima mgandamizo, haipimi unga. Weka mtungi kwenye mizani na ulinganishe na uzito kamili ulioandikwa kwenye lebo. Tazama mwaka wa kutengenezwa, pini na lakiri yake, mpira usio na nyufa, na valvu ya chuma badala ya plastiki. Kwa anayejaza upya, uliza anasukumia nini: inatakiwa naitrojeni kavu, kwa sababu upepo wa kompresa una unyevu unaogandisha unga. Stika mpya juu ya unga wa zamani si huduma, na mizani haitaigundua. Anapoujaza, omba mtungi ufunguliwe mbele ya macho yako.

Kishikio kiwe cha chuma chenye mkanda wa kubana. Cha plastiki hukatika. Usikifunge kwa skurubu kwenye plaiwudi nyembamba. Toboa ukuta, pitisha boliti, na upande wa pili weka bamba la chuma chini ya nati. Mahali pake ni kando ya mlango, unapofikia mkono ukiwa umesimama nje. Kamwe usiufunge mwisho wa boksi nyuma ya jiko, maana utalazimika kuupita moto ili kuufikia.

Moto ukitokea, mtoe kila mtu, fungua mlango kidogo ukiwa umesimama kando, puliza chini ya miali kutoka nje. Usiingie. Ikiwa ni gesi inayovuja na kuwaka, funga valvu ya mtungi wa gesi kwanza kama inafikika. Ukizima miali huku gesi inatoka, itajaa sakafuni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na cheche moja italipua boksi zima. Mafuta ya kukaangia yanahitaji blanketi la kuzimia moto, litundikwe karibu na jiko: funika sufuria, zima jiko, acha ipoe bila kufunua.

Na usijaribu mtungi kwa kupuliza kidogo uone kama unafanya kazi. Chembe za unga hubaki kwenye valvu, isijifunge sawasawa, na mgandamizo huvuja taratibu hadi uishe. Uliobonyezwa hata sekunde moja, ukajazwe.