Kuvuka kusi kwenda kusikiliza bendi: uzoefu wangu kutoka Mkoani, Pemba, hadi Mjini Unguja

Wapemba wengi wapenda muziki huvuka kwenda Unguja Februari. Ndipo tamasha la Sauti za Busara linapofanyika Ngome Kongwe, kama lilivyoanza 2004, kaskazi inavuma, bahari imelala, na ukipata kiti cha dirishani unaweza kunywa chai mpaka bandari ya Malindi, Unguja, isimwagike. Siwapingi. Lakini bendi niipendayo mimi ilitangaza onyesho lake katikati ya kipupwe, upepo wa kusi umeshika sawasawa, na nikaenda. Tangu nirudi kila mtu ananiuliza mambo mawili: ulivukaje, na ilifaa? Ilifaa. Kuvuka ndiko kwenye maneno.

Jina la bendi silitaji, maana yapo yaliyonikera na nitayasema, na visiwa vyetu hivi vidogo. Ni vijana waliopita DCMA, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilichofunguliwa 2002. Ukiwahi kuisikiliza Siti and the Band unaijua njia yao: udi na ganuni, ala za nyuzi za taarabu, vinakaa jukwaa moja na gitaa la besi, mashairi ni ya kwetu, mapigo yanatoka kila pahala. Hawana tajiri nyuma yao wala meneja wa Dar. Wanajirekodi wenyewe, wanaweka nyimbo mtandaoni, na harusini hawaitwi kwa sababu hawapigi zile taarabu za kurushana roho, za kusutana kwa mafumbo. Kwa hiyo ukitaka kuwaona unawafuata. Nilikuwa nimeshachoka kuwasikiliza kwenye simu, ambako ganuni hulia kama iko ndani ya debe.

Wifi yangu akasema tutakwenda sote. Muziki hana habari nao, yeye alikuwa na lake sokoni Darajani.

Basi meli. Msimu wa kusi kitu cha kwanza ni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kabla hujatoa hata senti. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usikate tiketi ya kesho yake, subiri. Wakizidisha hapo, chombo chenyewe huenda kikazuiwa kutoka, na ni bora kizuiwe. Sisi Wapemba hatuhitaji kukumbushwa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ikiwa imejaa kupita kiasi, na hakuna mtaa huku usiokuwa na nyumba iliyofiwa. Ndiyo maana mtu mzima akipanda meli utamwona macho yanakwenda juu kwanza, kutafuta majaketi yalipo. Mimi pia nilitazama. Yalikuwepo, yamepangwa, na moja nililivuta kuona kama mikanda yake ni mizima.

Kukata tiketi kulikuwa kwepesi: kitambulisho, jina, nambari ya simu, basi. Kupanda ndiko kulikokuwa na msukumano, na hapo nina lawama. Lango ni moja, abiria na mizigo wanaingia pamoja, na mkokoteni wa ndizi una haki sawa na mama aliyebeba mtoto. Bandari ya Mkoani si kubwa kiasi cha kushindwa kuwapangia watu foleni mbili. Anayekwenda na mtu mzima awahi mapema.

Ndani, viti safi, vyoo safi kwa saa ya mwanzo. Televisheni ilikuwa juu mno na hakuna aliyekuwa akiitazama.

Sasa sikiliza jambo ambalo halimo kwenye tiketi. Kusi inatoka kusini mashariki. Mkoani iko upande wa magharibi, kwa hiyo mwanzo wa safari kisiwa chenyewe kinakukinga, na wageni wote wanapiga picha wakidhani habari za kusi ni hadithi tu. Kisha meli inatoka kwenye kinga ya Pemba. Dalili ya hapo huiulizi kwa nahodha. Baharia anapita baina ya viti na kifurushi cha mifuko ya karatasi, anagawa kimya kimya. Kijana aliyenipa mimi alikuwa mpole sana: "Mama, shika moja uweke karibu." Wifi akamwambia yeye hahitaji, kwao ni watu wa bahari. Hatujafika mbali akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Wifi, nipe huo wako."

Mkondo baina ya visiwa viwili ni kama kilomita 50, na mawimbi yanaipiga meli ubavuni kwa sababu unakwenda kusini magharibi na upepo unakujia kushoto. Ndiyo maana inayumba huku na huku zaidi ya kupanda na kushuka. Kiti kizuri ni cha katikati, ghorofa ya chini, kuelekea nyuma. VIP iko juu na mbele, yaani umelipa zaidi ili utikiswe zaidi. Kipupwe hiki sikuona sababu ya kuongeza pesa. Kula kidogo kavu kabla ya safari, mkate wa kawaida au muhogo, usile urojo. Ndimu ya kunusa inasaidia, tangawizi ya kutafuna inasaidia, na dawa ya duka la dawa inasaidia zaidi ya vyote viwili lakini imezwe kabla ya kupanda, si ukishaanza kutoka jasho.

Mnara wa taa wa Nungwi ukionekana, watu wanaanza kuzungumza tena. Kutoka hapo Unguja inakuwa ndiyo kinga yako, bahari inatulia, na waliokuwa wamelala sakafuni wanaamka kutafuta viatu. Tulishuka Malindi wifi amekunja uso lakini miguu inakwenda, na njia ya Darajani aliijua.

Nyumba ya wageni nitaimaliza haraka. Mahali pazuri, kitanda kizuri, msikiti karibu, maji ya moto yaliyoahidiwa hayakuwepo. Nilipouliza niliambiwa Zanzibar si nchi ya baridi. Usiku wa Julai wa nyuzijoto 22, upepo unapita dirishani, mwili bado una chumvi ya bahari, mwambie huyo aliyesema aingie yeye bafuni.

Onyesho lilikuwa kwenye ua wa wazi upande wa Shangani. Kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni ni mbalimbali, cha mwenyeji hakiumizi. Tangazo lilisema saa mbili usiku, tukasali Ishaa tukaenda mbio, tukakuta fundi mitambo yuko juu ya ngazi anavuta waya. Walianza saa tatu na robo. Hilo ni la kwanza lililonikera. Watu waliotoka Makunduchi wanatazama saa ya gari ya mwisho, na hakuna aliyepanda kuomba radhi.

La pili ni sauti. Ufukwe wa Shangani unakingwa na mji, lakini kusi hujipenyeza vichochoroni, ikafika kwenye maikrofoni ikawa inanguruma vuu, vuu juu ya kila kitu. Hapo fundi alinishangaza. Akashuka, akatia mkono begini, akatoa soksi za skuli, nyeupe, ndogo, za mtoto, akazivisha maikrofoni mbili za mbele. Ngurumo ikakatika. Ukumbi mzima ukampigia makofi kabla bendi haijapigiwa. Ila besi aliiacha kubwa, udi ukawa unaonekana tu, hausikiki. Wimbo wa pili ulipokwisha nikamfuata. "Mwanangu, udi hatuupati kabisa." "Shikamoo mama, nnaurekebisha." Na akaurekebisha. Sijawahi kufanya hivyo Ngome Kongwe katikati ya watu maelfu, wala nisingemfikia.

Hii ndiyo sababu naitetea kipupwe. Tamashani kila bendi ina zamu yake. Wakianza kupata moto, jukwaa lishatakiwa na wengine. Hawa walipiga karibu saa mbili nzima na hakuna aliyewatolea ishara ya kushuka. Baina ya nyimbo mpiga ganuni alikuwa anakaza nyuzi. Ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya pwani usiku haizihurumii. Bendi nyingine ingelijaza pengo hilo kwa maneno matupu. Huyu alifunga zipu ya koti mpaka shingoni, akashika ufunguo wake mdogo, akawa anagonga uzi mmoja mmoja kwa kidole chenye pete, na mwimbaji akaanza kumfuata kwa mdomo, uzi huu, uzi ule, mpaka kule kulinganisha sauti kukageuka kuwa mwanzo wa wimbo uliofuata. Kwenye rikodi zao kitu hicho hakimo, wala simu yangu ingeweza kukichukua.

Mwisho waliweka vyombo vya umeme pembeni wakapiga kidumbaki, ile taarabu ya mitaani ya kuchezwa. Wakatoa ngoma ndogo mbili, vidumbaki vyenyewe, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, fidla na sanduku, lile sanduku hasa, la mbao, kijiti na kamba moja. Aliyekuwa na besi ndiye aliyelishika, na kwa kamba moja alitembea kuliko alivyotembea na nne. Wanawake wakainuka. Wageni waliokuwa na fulana za mikono mifupi, ambao kwao huko ni kiangazi na baridi yetu hawaihisi, wakainuka nao wakijaribu kufuata viuno. Nikageuka kumtafuta wifi, kiti kitupu. Yuko mbele, noti mkononi, anatunza, na zile ni pesa za Darajani. Nilimwacha.

Aliyekulia kwenye taarabu ya kukaa kimya na kusikiliza, ya kikundi kile kikongwe cha Ikhwan Safaa, atawaona vijana hawa wana haraka. Kaka yangu ana rai hiyo na hatujaimaliza. Mimi nasikia heshima ndani ya haraka yao: maneno wanayatamka yote, hawamezi herufi, na mpiga fidla ukifumba macho unajua amekaa chini ya mzee fulani miaka.

Kurudi kulituchelewesha. Tulifika Malindi asubuhi tukakuta karatasi imebandikwa langoni: safari imeahirishwa, upepo. Kuahirisha nakubali kwa moyo mweupe. Lakini nambari zetu za simu walizichukua wakati wa kukata tiketi, na hakuna aliyetumiwa ujumbe. Wengine walikuwa wametoka mashamba tangu alfajiri na watoto. Tiketi walitubadilishia bila malipo, hilo niwape haki yao. Mizigo ya wifi ililipiwa upya, na bei ilitegemea umezungumza na nani, kwa hiyo zungumza na aliyevaa sare.

Mwenye mimba, mwenye mtoto mchanga na mwenye moyo mdogo apande ndege ya Chake Chake, huku Pemba, ni kama nusu saa angani, ila mizigo yako itapimwa. Wengine wote meli inatosha. Wakati wa kurudi kumbuka umegeuka: upepo sasa unapiga kulia, basi ukitaka kukaa nje usilowe, kaa kushoto.