Kitalu cha bonsai jijini Tanga: lipia shina, pakiti waachie

Kitalu hiki cha kando ya barabara kinauza miche ya kuanzia bonsai, yaani miti inayokuzwa ikiwa midogo kwenye chungu, ya aina tatu: iliyooteshwa kwa mbegu, iliyotokana na vipandikizi vya matawi, na matawi yaliyotolewa mizizi yakiwa bado juu ya mti mama. Bei zinapishana sana na muuzaji haelezi kwa nini. Sababu imefukiwa kwenye udongo, kwa hiyo futua kidogo kwa kidole uone shina linavyoachana na mizizi kabla hujatoa pesa.

Kinachowapa sifa ni bogenvilia. Wanachagua tawi nene kama kidole gumba, wanalimenya gome duara zima, upana wa pete karibu mara mbili ya unene wa tawi, kisha wanakwangua utelezi wa kijani mpaka mti mweupe uonekane. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Utelezi ukibaki hata mstari mmoja, gome litaungana tena na mizizi haitatoka, maana chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kimepata njia ya kupita. Baada ya kukwangua wanazungushia makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kukamuliwa, wanaviringa nailoni na kukaza kamba ya katani juu na chini. Wiki 6 hadi 10 baadaye tawi linakatwa chini kidogo ya fundo hilo la makumbi, nawe unaondoka na shina ambalo mche wa mbegu ungelitafuta kwa miaka.

Tatizo, wanatumia nailoni nyeusi, haioneshi ndani, na baadhi ya matawi yanakatwa mapema. Mawili kati ya tuliyoyafungua yalikuwa na mizizi upande mmoja tu. Shika shina ulitikise taratibu. Likicheza ndani ya fundo, liache. Ukifika nalo nyumbani, toa nailoni tu, makumbi usiyafumue: mizizi michanga ya bogenvilia hukatika kama tambi kavu.

Mikwaju ya mbegu ni rahisi na haina ujanja. Mbegu inasuguliwa msasa upande mmoja, inalala kwenye maji usiku kucha, na kwa kawaida huchipua ndani ya wiki 2. Lakini miche inakaa mno kwenye viriba, mzizi mkuu unatoboa chini na kuingia ardhini, au unajisokota kitakoni. Bonsai inataka mizizi iliyotandaa pembeni. Chukua mche mdogo kabisa, wenye majani machache, ukate theluthi ya chini ya mzizi mkuu kwa wembe safi, upande tena na kuuweka kivulini wiki 2. Mche mrefu ni wa shamba, hata kama wanauuza bei ileile. Na usiukimbize kwenye chungu cha sinia, kile bapa cha bonsai: shina hunenepa ardhini au kwenye ndoo, siyo kwenye sinia. Kosa hili ndilo linalojaza vibarazani vijiti vyembamba vinavyoitwa bonsai.

Fikasi (miti ya jamii ya mkuyu) za vipandikizi ni nzuri, sentimita 10 hadi 15, utomvu umefutwa na majani yamepunguzwa. Hatuna la kulalamikia.

Adeniamu, yaani waridi la jangwani, ni habari nyingine. Wanaziuza za mbegu na za vipandikizi zimechanganywa meza moja, bei moja. Ya mbegu hutunisha kitako chini, na kitako hicho ndicho kinachotafutwa. Ya kipandikizi kwa kawaida hubaki na shina lililonyooka kama mpini. Papasa kitako. Ukishaikata au kuvunja tawi nawa mikono, utomvu wake ni sumu.

Udongo wao ni mweusi mzito, unashika maji na kuozesha mizizi wakati wa masika. Badilisha: mafungu 2 ya mchanga mnene wa mtoni, 1 la matofali yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi lote, 1 la mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nayo huunguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua utumie hayo.

Pale mlangoni kuna pakiti za “mbegu za bonsai” zenye picha ya msonobari wa Kijapani. Hakuna mti unaoitwa bonsai. Ni namna ya kukuza mti wowote kwenye chungu kidogo. Pakiti haitaji jina la mti, na msonobari wa nchi za baridi hautakushukuru kwa joto la Tanga. Hela hiyo iongeze kwenye bogenvilia, na uombe wafungue nailoni mbele yako.