Santuri za jazi: chapa ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Anayeanza kukusanya santuri za jazi ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 hukutana na jambo linalochanganya: albamu ileile ina chapa chungu nzima sokoni, moja inauzwa dola 15, nyingine inapita dola 1,000, na jalada ni lilelile. Kibandiko kinachotangaza uzito wa gramu 180 hakikuambii lolote kuhusu sauti. Swali la maana ni hili: nani aliikata chapa hii, yaani nani alichonga mifereji ya sauti inayochapwa kwenye santuri, na aliikata kutoka kwenye tepu ipi? Mpangilio wangu unafuata swali hilo kwanza, halafu mfuko wa mnunuzi.

Nafasi ya kwanza naipa Blue Note Classic Vinyl, mfululizo wa lebo ya jazi ya Blue Note ulioanza mwaka 2020. Fundi wake ni Kevin Gray, anayekata kutoka kwenye tepu za asili kila zinapopatikana, bila sauti kupitishwa kwenye kompyuta, na santuri zinachapwa kiwanda cha Optimal, Ujerumani. Bei yake huzunguka dola 25 hadi 30. Ukitaka kujua pesa imekwenda wapi, anza na Moanin' ya Art Blakey, iliyorekodiwa Oktoba 1958. Piano ya Bobby Timmons inauliza, tarumbeta ya Lee Morgan na saksofoni ya Benny Golson zinaitikia kwa noti mbili. Sasa shusha sikio hadi kwenye besi ya Jymie Merritt. Kwenye chapa nzuri unasikia kila noti ikianza pale kidole kinapovuta uzi, kisha inakoma kuipisha nyingine. Kwenye chapa mbovu besi hugeuka mvumo mmoja usio na mwanzo wala mwisho, na bendi nzima inaonekana kuchoka. Hicho ndicho kipimo changu kwa albamu yoyote ya enzi hizo.

Ya pili ni Original Jazz Classics za zamani, zile za miaka ya 1980. Kampuni ya Fantasy ya California ilikuwa imeshanunua lebo za Prestige na Riverside, na mwaka 1982 ikaanza kuzirudisha sokoni albamu zake kwa bei ya mtu wa kawaida. Karatasi ya jalada ni nyepesi na hakuna mbwembwe, lakini tepu zilikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Sonny Rollins, Bill Evans, Thelonious Monk, Miles Davis wa kabla ya kuhamia lebo ya Columbia: wote wamo. Zilizotumika bado hupatikana kwa bei nafuu kuliko nyingi za mpya, na mkusanyaji mwenye subira anaweza kujenga msingi mzuri kwa hizi peke yake.

Tone Poet, pia ya Blue Note, inafuata. Ilianza 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley. Fundi ni yuleyule Kevin Gray, kiwanda ni RTI cha California, na majalada ni mazito, yanafunguka, yenye picha za Francis Wolff, mpiga picha wa Blue Note, zilizochapwa vizuri mno. Zinakaribia dola 40. Ni santuri bora kuliko zote zinazotengenezwa leo kwa jazi ya aina hii, na nimeziweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Hapohapo weka Original Jazz Classics mpya, zilizofufuliwa na Craft Recordings mwaka 2023.

Nafasi ya nne ni ya wapekuzi, na ndiyo inayonipa raha zaidi. Rudy Van Gelder, fundi mitambo aliyerekodi sehemu kubwa ya albamu za Blue Note, alianzia sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, kabla ya kuhamia studio yake ya Englewood Cliffs mwaka 1959. Alikata santuri mwenyewe na kuacha alama. Ishike santuri kwa kingo, iinamishe chini ya taa, utazame ile sehemu laini kati ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Utaona RVG kwa mwandiko wa mkono, au VAN GELDER kwa muhuri. Ukiona pia alama ndogo inayofanana na sikio, hiyo imechapwa na kiwanda cha Plastylite kabla ya katikati ya 1966, na muuzaji atataka pesa nyingi. Lakini Blue Note ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty, chapa nyingi za miaka iliyofuata ziliendelea kutoka kwenye kazi ileile ya Van Gelder. Muhuri upo, sikio halipo, bei inashuka sana. Hizo ndizo za kuwinda.

Ya tano ni chapa za Blue Note zilizotolewa Japani na kampuni ya King, za 1977 hadi 1983. Zina utulivu wa ajabu: hazipigi makelele, hazichubuki ovyo, na wenyewe walizitunza. Sauti yake kwa sikio langu ni nyepesi kidogo kwenye besi. Kama makelele ya santuri kuukuu yanakuudhi, zipandishe juu kwenye mpangilio huu.

Chapa ya kwanza kabisa, ile iliyotoka albamu ilipotolewa mara ya kwanza, naiweka ya sita, na najua wapo watakaokasirika. Ni kitu cha thamani, kinashika historia. Ila nyingi zilichezwa na sindano nzito za wakati ule, na uchakavu huo hauoshwi. Tena si kila ya kwanza ni sahihi: upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, 1959, ulitoka na mwendo ulioongezeka kidogo kwa hitilafu ya mashine ya kurekodia, na kosa hilo halikurekebishwa hadi 1992.

Mwisho kabisa ni zile za bei chee za Ulaya. Huko rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazina tena ulinzi wa kisheria, hivyo yeyote anaweza kuzichapa bila kuigusa tepu ya asili. Mara nyingi chanzo ni CD. Utazitambua kwa nyimbo za nyongeza na kwa kukosa jina la fundi aliyekata. Bora ununue moja ya nafasi ya kwanza kuliko tatu za hizi.

Kwa sisi wa Kiswahili, kuna mbili za kutafuta nje ya mpangilio huu. Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa Novemba 1960, ina shairi la Langston Hughes ambalo Tuntemeke Sanga wa Tanganyika analighani kwa Kiswahili. Nyingine ni Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971, ambayo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili: Billy Hart ni Jabali, Buster Williams ni Mchezaji. Kwa hizi nunua chapa yoyote safi utakayoipata.

Mashine ya kuchezea santuri usiidharau. Zile za sanduku za bei ya chini hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, wakati sindano ya kawaida iliyo sawa huhitaji karibu gramu 2. Santuri ya dola 40 chini ya sindano ya namna hiyo ni hasara.

Unapoagiza kutoka nje, kusanya kadhaa kwa muuzaji mmoja ili nauli igawanyike, na uliza kama daraja la VG+ (Very Good Plus, santuri iliyotumika lakini nzuri) amelitoa baada ya kusikiliza au kwa kutazama tu. Kisha mwandikie kabla hajafunga mzigo: santuri itolewe nje ya jalada, isafiri nyuma yake ndani ya mfuko wake, kwani ikibaki ndani hupasua mshono wa juu njiani.