Windows 7 kwenye OptiPlex 7040: uzoefu wangu na mashine ya kukatia stika, Tanga

Kama una plota, yaani mashine ya kukatia stika, ya zamani inayotumia programu isiyokubali Windows 10, na kompyuta uliyonayo imechoka, nakushauri utafute Dell OptiPlex 7040 ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha 6, uipige Windows 7 SP1. Mimi natumia ya umbo dogo, SFF, hapa Ngamiani kukatia stika za bodaboda, bajaji na vioo vya maduka. Inakata kutwa bila kugoma. Kazi iko kwenye kuiandaa.

Wengi hukwama kwenye USB. Unachomeka flashi, nembo ya Windows inatokea, kisha taa za kibodi zinazimika, kipanya hakisogei, na kisanduku kinatokea kikisema "A required CD/DVD drive device driver is missing". Fundi anabadilisha flashi, anabadilisha tena, siku inaisha. Flashi haina kosa. Mwanzoni BIOS, programu ya bodi inayowasha kompyuta, ndiyo inayoisoma. Windows ikishajipakia kwenye RAM inaichukua kazi hiyo yenyewe, na Windows 7, mfumo wa mwaka 2009, haina draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya USB 3.0. Kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015, Intel iliondoa kwenye chipseti, chipu kuu ya bodi, kidhibiti cha EHCI kilichokuwa kinahudumia USB 2.0. Ndiyo maana hata ukihamia kwenye tundu jeusi la USB 2.0 hali ni ileile: nyuma yake kuna kidhibiti cha USB 3.0.

Uzuri wa 7040 SFF ni kwamba bado ina matundu ya PS/2. Kibodi ya PS/2, tundu la zambarau, pamoja na DVD ya ndani ya SATA vinakumalizia kazi bila kugusa faili lolote. Huna DVD? Basi ingiza draiva ya Intel USB 3.0 ndani ya flashi ukitumia kompyuta nyingine, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama Administrator (C:\w7 ni nakala ya faili za flashi, C:\usb3 ni draiva, C:\mnt ni folda tupu):

dism /mount-wim /wimfile:C:\w7\sources\boot.wim /index:2 /mountdir:C:\mnt
dism /image:C:\mnt /add-driver /driver:C:\usb3 /recurse
dism /unmount-wim /mountdir:C:\mnt /commit

Rudia kwa install.wim, faili lenye Windows yenyewe, kwenye namba ya toleo utakalolipiga, kisha rudisha mafaili yote mawili kwenye flashi. Dism /get-wiminfo itakuonyesha namba hizo. Ukiishia kwenye boot.wim, usakinishaji utakwenda vizuri mpaka mwisho, halafu Windows mpya itawaka ikiwa haina kibodi wala kipanya cha USB.

Kwenye BIOS zima Secure Boot, washa Legacy (njia ya zamani ya kuwasha mfumo), na SATA Operation, namna bodi inavyoongea na diski, iwe AHCI. Mashine hizi mara nyingi huja zikiwa RAID On. Diski nashauri SSD ya kawaida ya SATA, GB 240 zinatosha kabisa. NVMe, SSD ya kasi isiyotumia SATA, inahitaji viraka (masasisho ya Microsoft) KB2990941 na KB3087873, na haiwaki kwa Legacy; kwa kazi ya stika hutaona tofauti yoyote ya kasi, kwa hiyo usijitafutie shida. TRIM, amri inayoitunza SSD, ipo ndani ya Windows 7. Ukiandika fsutil behavior query DisableDeleteNotify ikakujibu 0, uko salama.

Mfumo ukishawaka, kabla ya draiva nyingine yoyote weka KB4490628, kisha KB4474419. Viraka hivi ndivyo vinavyoifundisha Windows 7 kutambua saini za SHA-2, zinazothibitisha kuwa draiva ni halali. Bila hivyo, draiva za miaka ya karibuni zinaishia kwenye Code 52, yaani saini haikutambulika. Halafu chipseti, mtandao, na Intel HD 530 ya picha, ambayo ina draiva rasmi ya Windows 7.

Upande wa plota ndipo mashine hii iliponifurahisha zaidi, kwa sababu ina COM halisi, tundu la serial la kuunganishia plota, nyuma yake. Adapta za kugeuza USB kuwa COM zina balaa: nyingi zimejengwa kwa chipu bandia ya PL2303, na draiva mpya huzikataa kwa Code 10. Fungua Device Manager, ingia Ports, COM1, kisha Port Settings: 9600, 8, None, 1, na Flow control iwe Hardware. Hicho cha mwisho usikidharau. Plota ina kumbukumbu ndogo. Ikijaa huitumia kompyuta ishara isubiri. Flow control ikiwekwa None, kompyuta inaendelea kumwaga data, plota inapoteza baadhi, na utaona kisu kikiacha herufi katikati na kuchora mshazari kuvuka stika nzima. Kagua na waya pia. Waya wenye nyaya 3 tu, za pini 2, 3 na 5, hauna njia ya kupitishia ishara hiyo hata ukipanga kila kitu sawasawa.

Intaneti usiipe. Msaada wa Microsoft ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na Chrome imeishia toleo la 109. Mimi naipa anwani ya IP ya kudumu, 192.168.1.50 na 255.255.255.0, na Default gateway naiacha wazi: inaonana na kompyuta za dukani lakini haitoki nje. SMB1, njia ya zamani ya kushirikiana faili, izime, kwani Windows 7 inazungumza SMB2 na Windows 10 bila tatizo. Flashi za wateja ziingie kwanza kwenye kompyuta yenye antivirusi, faili ndilo lipite mtandaoni.

Ukikosa kizazi cha 6, cha 4 ni chepesi zaidi kwa sababu EHCI bado ipo. Cha 7 kinaleta usumbufu: Windows Update inakataa prosesa hiyo, viraka unaweka kwa mkono. Kuanzia cha 11, chipu ya picha ya ndani ya Intel haikubali tena Legacy. Huko weka Windows 7 ndani ya VirtualBox, programu ya kuendeshea kompyuta ya kuigiza, uiunganishe na COM ya mashine.

Kwa hewa yetu ya bahari, fungua kasha mara kwa mara, toa RAM, usugue meno yake kwa kifutio cha penseli. Na betri ya CR2032 ibadilishe siku ileile unayonunua mashine. Ikiwa imekufa, umeme ukikatika bodi nyingi hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, AHCI inageuka RAID, na asubuhi unakuta mashine haiwaki au skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Usikimbilie kupiga Windows upya: ingia BIOS, rudisha AHCI na Legacy, itawaka.